AC ya Darini kwa Hewa ya Dodoma

Ufundi wa AC nchini kwetu ulikulia Pwani. Joto la jasho la Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar ndilo lililowafanya watu wanunue mashine hizi mapema, na huko ndiko fundi alikowajua maadui zake: unyevu na chumvi ya bahari, vinavyokula chuma na kuotesha ukungu. Kisha Julai 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba safari hii serikali inahamia Dodoma kweli, jambo lililokuwa likingojewa tangu 1973. Ofisi zikaanza kuota Mtumba, Njedengwa, Iyumbu na Kisasa. Mashine zikapanda huku pamoja na watu, na mazoea ya Pwani yakapanda nazo.

Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka haizidi sana milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya vumbi, upepo wa mashariki, ardhi kavu na jua linalopiga bati tangu asubuhi. Hapa maadui ni wengine, na AC iliyofungwa kwa kuhofia wale wa Pwani itakusumbua.

Mwongozo huu ni wako wewe mwenye nyumba, mkuu wa shule, mhasibu uliyekabidhiwa usimamizi wa jengo, au fundi kijana uliyetoka VETA juzi. Unahusu kaseti, ile AC ya mraba inayokaa ndani ya dari na kupuliza pande nne. Sikusudii upande kuifunga mwenyewe kama hukusomea. Nataka usimame chini ya ngazi ukijua cha kuuliza, na ujue ni wakati gani wa kumwambia fundi ashuke kwanza.

Panda darini kabla hujaenda dukani

Saa saba mchana wa Oktoba, fungua kifuniko cha kuingilia darini na uingize mkono tu. Siku ya jua kali joto lililonaswa kati ya bati na jipsamu huvuka nyuzi 50 bila shida, na bodi ya jipsamu yenye unene wa milimita 9 au 12 haizuii kitu cha maana. Kaseti utakayoifunga itakaa na mwili wake wote ndani ya tanuri hilo, na kabla ya kumpoza mtu yeyote itakuwa inapambana na dari.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye paa. Tandaza sufi ya glasi juu ya jipsamu, au walau karatasi inayong'aa chini ya bati. Acha matundu ya kupitisha hewa kwenye miisho ya paa, uyafunike kwa wavu ili ndege na popo wasihamie. Wagogo wa hapa hawakuhitaji kuambiwa haya: paa la nyumba yao ya tembe, bapa na la udongo mnene, huchelewesha joto la mchana mpaka jua limeshazama. Sisi tumeondoa udongo, tukaezeka bati, na sasa tunanunua BTU za kuziba pengo hilo.

Kuhusu ukubwa, kanuni ya mtaani ya BTU 600 kwa kila mita ya mraba inakupa pa kuanzia. Chumba cha mita 5 kwa 6 kitataka BTU 18,000. Panda daraja moja kama chumba kiko chini ya bati lisilo na sufi, kina dirisha kubwa la magharibi, au kimejaa watu na kompyuta. Usipande kwa woga tu. Mashine kubwa kupita chumba hupoza upesi, hujizima, hujiwasha tena, na huko kuwaka na kuzima ndiko kunakomaliza kompresa isiyo ya inveta. Kwa ukumbi mkubwa kuna jambo moja zaidi. Hewa ya mwinuko huu ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa takriban asilimia 12, hivyo mashine hutoa pungufu kidogo ya kilichoandikwa kwenye boksi. Kwenye chumba kimoja hutaona tofauti. Kwenye ukumbi wa kaseti kumi, mtake muuzaji akuonyeshe jedwali la mwinuko kutoka kwa mtengenezaji.

Pima pia nafasi. Kaseti ndogo huingia katika mraba wa sentimita 60 kwa 60, kubwa huchukua 84 kwa 84, na mwili wake hutaka sentimita 25 hadi 30 za wazi juu ya dari, pamoja na mahali pa mkono wa fundi. Karibu yake pakatwe kifuniko cha kudumu cha kufikia upande wenye mabomba na nyaya. Bila kifuniko hicho, kila tatizo litaishia kwa kukata jipsamu.

Wauzaji hawatapenda swali hili, lakini jiulize: unahitaji AC kweli? Feni ya maji, ile inayovuta hewa kupitia pedi iliyolowa, haina faida Dar kwa sababu hewa ya kule imeshiba unyevu. Dodoma ya Septemba mpaka Novemba hewa ni kavu, na feni hiyo hupoza vizuri kwa umeme mdogo sana. Hasara yake ni kwamba inakunywa maji katika mji ambao maji yana mgao, na maji ya visima vyetu yenye chumvi huacha ganda jeupe kwenye pedi. Kwa chumba kimoja cha kulala ningeanza na sufi ya dari na feni ya kawaida. Kaseti ni ya ofisi, darasa, duka na ukumbi.

Kilo thelathini juu ya vichwa vya watu

Kaseti ya BTU 24,000 pamoja na uso wake ina uzito wa karibu kilo 30, na ya BTU 48,000 huzidi hapo. Uzito huo haubebwi na dari hata kidogo. Jipsamu na fremu yake vimewekwa vijibebe vyenyewe tu. Mashine inaning'inizwa kwa fimbo nne za chuma zenye hesi, kwa kawaida za milimita 10, zilizoshika kwenye mwili wa jengo. Dari inakuja baadaye kuizunguka. Ukiona fundi anakaza waya kwenye fremu ya jipsamu, msimamishe.

Juu kukiwa na slabu ya zege, boliti za kutanua zinatosha, ila tundu lazima lichimbwe kwa kina kilichoandikwa kwenye boliti na vumbi lipulizwe lote nje. Boliti iliyokazwa juu ya vumbi huonekana imeshika, kisha huteremka kidogo kidogo kwa mtikisiko wa kila siku. Majengo mengi ya siku hizi yana slabu za matofali matupu yaliyopangwa kati ya mihimili myembamba ya zege. Hapo usitoboe kwenye tofali, tafuta mhimili. Gonga kwa nyundo usikie panapolia mvungu na panapolia zege, na kama ramani ya jengo ipo, itoe kabatini.

Kwenye nyumba ya bati kazi ni ngumu zaidi, na ndiyo hali ya nyumba nyingi zetu. Hapa kinachobeba ni kenchi. Kosa la kawaida ni kupigilia kipande cha mbao chini ya kenchi kwa misumari, halafu kuitundika mashine hapo. Msumari uliopigiliwa kuelekea juu na kuvutwa kuelekea chini hutoka, iwe baada ya wiki au baada ya miaka. Njia sahihi ni kulaza vyuma viwili vya pembe juu ya mbao za chini za kenchi, kila kimoja kikivuka kenchi mbili au tatu, kisha fimbo zishuke kutoka kwenye vyuma hivyo. Hivyo uzito unakandamiza mbao, hauzing'oi. Kama kenchi zenyewe ni za mbao nyembamba na zimeachana sana, mwite fundi seremala aongeze nguvu kabla fundi AC hajafungua boksi.

Mbao nazo zina tabia ambayo mgeni wa Dodoma haijui. Misonobari inayotoka Mafinga mara nyingi hufika ikiwa bado na ubichi. Ikikaa msimu mmoja wa kiangazi chini ya bati letu hukauka, hunywea, hupasuka na kujipinda, na nati iliyokazwa Machi inakuwa imelegea Oktoba. Kwa hiyo kila fimbo iwe na washa pana na nati mbili zinazobanana, na baada ya kiangazi cha kwanza fundi arudi kukaza tena. Mwandikie hilo kwenye makubaliano, maana akishalipwa yote hatarudi kwa ajili ya nati. Nati mbili zina sababu nyingine pia: tuko kando ya Bonde la Ufa, na matetemeko madogo si habari mpya Dodoma. Ongeza kipande cha mnyororo au waya wa chuma kutoka kwenye mwili wa mashine hadi kwenye kenchi, uwe umelegea kidogo. Siku fimbo ikiachia, mashine itainama badala ya kuanguka.

Kazi ya darini ifanyike saa moja mpaka saa nne asubuhi. Baada ya hapo joto la chini ya bati humchosha mtu upesi, na mtu mwenye kizunguzungu akiwa juu ya jipsamu hukanyaga pasipo mbao. Fundi alaze ubao mpana wa kukanyagia juu ya kenchi, avae barakoa kwa sababu ya vumbi na kinyesi cha popo, na amulike pembeni kwanza kuangalia nyuki na nyoka. Kwenye majengo ya zamani yenye bodi au paa la asibesto, usiruhusu mtu atoboe wala kukata. Vumbi lake huingia mapafuni na madhara yake hujitokeza miaka mingi baadaye. Kuipandisha mashine ni kazi ya watu wawili juu ya jukwaa imara. Fundi mmoja aliyesimama kidato cha juu cha ngazi na kaseti begani hapaswi kuonekana kwenye jengo lako.

Umeme na ardhi inayokauka

Mwulize fundi umeme leseni yake ya EWURA kabla hujamwuliza bei. Kisha hakikisha kila kaseti ina laini yake kutoka kwenye boksi la breka, bila soketi wala kiunganishi cha kamba katikati. Ukubwa wa waya na breka hufuata ampea zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kwa BTU 24,000 waya wa milimita 4 za mraba ni chaguo la busara, hasa ukikumbuka kwamba unapita kwenye dari yenye joto, ambako waya hubeba pungufu ya uwezo wake. Karibu na mashine ya nje pawe na swichi ya kukatia umeme, ili anayeitengeneza aione kwa macho yake.

Athi ndiyo habari kubwa zaidi, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Fimbo ya athi hufanya kazi kwa sababu udongo unapitisha umeme, na udongo hupitisha umeme kwa sababu una unyevu. Machi, mvua zikiwa zinanyesha, fimbo fupi iliyopigiliwa Nzuguni itakupa kipimo kizuri. Oktoba udongo uleule umekauka, na ukinzani umepanda mara kadhaa. Waya ukichubuka ndani ya kaseti siku hiyo, umeme hautapata njia nzuri ya kushuka ardhini, breka ya kawaida haitajikata, na bodi ya mashine itabaki na umeme ikimngoja mtu wa kuosha chujio.

Hivyo athi ipimwe kiangazi, kwa kifaa cha kupimia ukinzani wa ardhi, na namba iandikwe. Ikiwa mbaya, ongeza urefu wa fimbo ifikie udongo wenye unyevu, au ongeza fimbo ya pili na ya tatu na kuziunganisha. Mkaa na chumvi shimoni ni dawa ya kale. Inasaidia kwa muda, lakini chumvi huila fimbo, na mvua huiosha ikaondoka. Juu ya yote hayo weka breka ya kuvuja umeme, ile inayojikata kwa miliampea 30. Haitegemei athi nzuri sana ili ifanye kazi, na kwa mji wetu naiona ya lazima. Kwa mashine za inveta chagua aina ambayo mtengenezaji ameitaja, la sivyo itakuwa inajikata bila sababu.

Umeme ukikatika na kurudi, hurudi kwa kurukaruka. Kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha kwa dakika tatu hadi tano huipa gesi muda wa kutulia na kuiokoa kompresa. Radi za Desemba mpaka Machi hazizuiliwi na kifaa hicho kidogo; wingu likishakaribia, zima breka.

Anayefungua mashine kwa ajili ya ukarabati azime umeme kwenye breka, aifunge kwa kufuli au aibandike karatasi ya onyo, na ufunguo akae nao mfukoni. Rimoti kuzimwa si umeme kuzimwa. Kisha angoje dakika kumi. Kapasita za mashine ya inveta hubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya umeme kukatwa, na huwa zinamngoja yule mwenye haraka.

Gesi

Soma kibandiko. R22 ni gesi ya zamani inayoondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Usinunue mashine yake hata ukipewa kwa nusu bei. R410A haigusi ozoni lakini huongeza joto la dunia sana, na presha yake ni mara 1.6 hivi ya R22, kwa hiyo geji na mipira ya R22 haiifai. R32 inaongeza joto kwa karibu theluthi moja tu ya R410A, ila inaweza kushika moto, japo kwa uvivu. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini ya chumba. Fundi wa R32 hafanyi kazi na sigara mdomoni, na hufungua madirisha kwanza. Gesi hizi hazichanganywi, na mashine ya gesi moja haijazwi nyingine kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani.

Mabomba ya shaba yakishaungwa, hupimwa kwa naitrojeni kavu. Hili nalisema kwa sauti: kamwe si oksijeni. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na mtungi wa oksijeni huwa uko palepale kwa ajili ya kulehemu. Naitrojeni iachwe ndani mpaka kesho yake. Geji isomwe saa ileile iliposomwa jana, kwa kuwa usiku wa Dodoma unaweza kuwa chini ya mchana kwa nyuzi 15 hivi, na nyuzi 15 peke yake huteremsha presha kwa karibu asilimia 5 bila tundu lolote. Fundi asiyejua hili hutafuta uvujaji usiokuwepo, au mbaya zaidi, huona uvujaji wa kweli akasema ni baridi.

Baada ya naitrojeni huja vakyumu, na hapa mwinuko wetu humchezea fundi. Geji ya kawaida hupima tofauti na hewa ya nje. Pwani sindano hushuka mpaka karibu inchi 30 za vakyumu. Hapa hewa yenyewe ni nyepesi, hivyo hata vakyumu kamili husimama kwenye inchi 26 hivi. Wapo wanaoilaumu pampu, na wapo wanaozoea kwamba 26 inatosha halafu wanakubali 24 kama ndugu yake. Dawa ni geji ya maikroni, ambayo haijali mwinuko: ishuke chini ya 500, pampu ifungwe, na namba isipande haraka. Fundi anayetoa hewa kwa kuachia gesi kidogo ipige filimbi nje, bila pampu, mlipe nauli yake aende.

Maji ya Januari

Simu nyingi za "AC inavuja" huja mvua zikianza, na mwenye nyumba hudhani paa limetoboka. Chanzo kiko nyuma zaidi. Kiangazi chote hewa ilikuwa kavu, mashine ikatoa maji kidogo sana, na vumbi laini likatulia kwenye sinia na ndani ya bomba la kutolea maji, likakauka likawa tope gumu. Januari hewa inapata unyevu, maji yanakuja kwa wingi, na njia imeziba. Yanamwagikia jipsamu, inalowa, inavimba, na kipande kinaanguka juu ya meza.

Kaseti ina pampu ndogo inayopandisha maji, aghalabu sentimita 70 hivi, kisha bomba literemke kuelekea nje kwa sentimita moja kwa kila mita au zaidi. Bomba la plastiki kwenye joto la bati hulegea na kuning'inia katikati, kwa hiyo lishikiliwe kila mita moja. Mashine yenyewe ikae sawa. Pima maji iwekwe kwenye kona zote nne, wala usiruhusu ilalie upande usio na pampu. Bomba livikwe sponji, kwani nalo hutoa jasho.

Kipimo pekee cha kuaminika ni kumwaga maji. Siku ya kukabidhiwa kazi, fundi amimine lita moja au mbili kwenye sinia kupitia tundu la ukaguzi, awashe mashine kwenye kupoza, na wewe usimame nje uone maji yakitoka. Rudieni mwishoni mwa Novemba kila mwaka. Kazi ya nusu saa hiyo inazuia sehemu kubwa ya simu za Januari.

Mwisho wa bomba hilo unaweza kuuelekeza kwenye shimo la athi. Maji ni kidogo kiangazi, ila hata unyevu mdogo pale una faida kuliko kudondokea ukutani. Usiyanywe, wala usiyatie kwenye betri za sola, maana yamepita kwenye vumbi na shaba.

Mashine ya nje

Upepo wetu mkali hutoka mashariki na kusini-mashariki. Feni ya mashine ya nje ikitazama huko, itakuwa inasukumana na upepo na kumeza vumbi, kwa hiyo itazame upande mwingine, ikiwezekana kaskazini. Magharibi hupati upepo lakini unapata jua la jioni, ambalo ni baya karibu sawa. Inyanyue sentimita 40 kutoka ardhini, mvua isiirushie tope. Mbele ibaki wazi mita moja au zaidi. Ukiiwekea kizimba cha kuzuia wezi wa shaba, nondo zake ziachane vya kutosha. Nimeona mashine zilizofungiwa kama kuku wa mnadani, zikipumua joto lao wenyewe.

Kuosha

Mtengenezaji aliyeandika kwamba chujio lioshwe kila mwezi hakuwa na Dodoma akilini. Juni mpaka Novemba fungua uso wa kaseti kila wiki mbili, kando ya barabara ya vumbi kila wiki. Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe: zima breka, simama kwenye ngazi imara huku mtu akiishikilia, fungua wavu ukihakikisha kamba zake za usalama zimeshika, toa chujio, kung'uta nje, osha kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, anika kivulini. Jua la hapa hulipinda.

Mara mbili kwa mwaka, Mei mvua zikiisha na Novemba kabla hazijaanza, fundi aoshe ndani. Mfuko wa turubai unatundikwa chini ya mashine, kadi ya umeme inafunikwa kwa plastiki, na mapezi ya alumini yanaoshwa kwa pampu ya mkono ya kunyunyizia, kutoka juu kwenda chini. Mashine ya kuoshea magari huyalaza mapezi yakaziba hewa kabisa. Asidi ya betri na dawa za choo, ambazo baadhi ya mafundi huzitumia kwa kuwa huleta weupe upesi, zinaila alumini na kutoa mvuke unaochoma mapafu ya watu wa chumbani. Kama maji ya bomba lako ni ya chumvi, suuza kwa maji ya mvua uliyokinga, au yaliyochujwa. Chumvi ikikaukia kwenye mapezi, umeileta Pwani mpaka Dodoma.

Juni mpaka Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 14 hivi na wengi hawaiwashi AC kwa wiki nyingi. Zima breka. Kabla ya kuiwasha tena, kagua mashine ya nje kama ndege au panya hawajajenga humo, na sikiliza dakika kumi za kwanza. Mlio wa chuma kugongana, harufu ya kuungua au breka inayojikata mara ya pili ni sababu ya kuzima na kuita fundi, si ya kurudisha breka mara ya tatu. Moshi ukitoka, kata umeme kwenye swichi kuu, tumia kizimamoto cha unga au cha kaboni dayoksaidi, usirushe maji, na piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Gesi ikipungua, uliza ilikopita. Mfumo huu umefungwa. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli. Fundi anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kilekile mara kwa mara, na kinachotoka kinakwenda angani. Atafute kwa povu la sabuni kwenye viungo vyote, kwanza vile vya nati za kupanua, ambavyo vingi hukazwa kwa nguvu za mkono badala ya spana ya kipimo.

Mwisho, nunua kalamu ya wino usiofutika. Ndani ya uso wa kaseti, mahali ambapo kila atakayefungua atapaona, fundi aandike aina ya gesi na kiasi kilichojazwa kwa gramu, urefu wa mabomba, tarehe, namba ya maikroni iliyofikiwa, kipimo cha athi, na mahali zilipo kenchi zilizobeba vyuma. Chini yake kila anayekuja aongeze tarehe yake na alichofanya. Malipo ya mwisho yatoke baada ya maandishi hayo kuwepo.